Pua ya Baba

Jumamosi, 4 Mei

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama: mimi hufurahi baba anapopata mafua.

Sisemi kufurahi kidogo. Nafurahi kama mtoto aliyesikia shule imefungwa mapema. Juzi alipopiga chafya ya kwanza nilikuwa nje napiga mswaki, nikajifunika uso kwa taulo ili asione meno yangu.

Ngoja nieleze, maana daftari hili ni jipya na halijui kitu. Baba ni mpokeaji kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Wafugaji wanapanga foleni na madebe yao, yeye anafungua mfuniko, anainama, anatia pua na kuvuta hewa mara moja tu. Maziwa yakiwa mazima anasema, "Pita." Yakiwa yameanza kuchacha anasema, "Rudi," na mwenye debe anageuka nalo hata kama ametoka mbali kiasi gani. Mitambo ya kupima ipo, lakini wakubwa wake wanaiamini pua yake kwanza. Wafugaji wanamwita Mzee Pua. Jina analipenda.

Shida ni kwamba pua hiyo haibaki kazini.

Mama ni msusi. Anashinda saluni mikono ikiwa kwenye vichwa vya watu, na jioni anarudi na mafuta ya huyu na manukato ya yule. Baba anamsubiri mlangoni. Anainama shingoni kwake vilevile anavyoinama kwenye debe. Akisema "Pita," tunakula. Akisema "Rudi," mimi namvuta mdogo wangu Chiriku mpaka chumbani, namziba masikio na kumsomea kitabu kwa sauti kubwa. Chiriku ana miaka sita. Tunamwita hivyo kwa sababu mdomo wake haujui kukaa kimya, ila wakati huo unakaa.

Kamusi ya maktaba ya shule inasema kurudi ni kwenda ulikotoka, na pia kurudi ni kumwadhibu mtu ili ajirekebishe. Baba hajawahi kuifungua kamusi hiyo. Maana zote mbili anazijua.

Sasa mvua zimeanza, baridi imeingia, na pua imeziba. Leo mama amerudi ananukia mafuta ya mteja mpaka mimi nimesikia nikiwa jikoni. Baba akainama, akavuta hewa, akakoroma tu. Akampisha.


Jumatatu, 6 Mei

Mvua. Baba bado mafua. Mungu anisamehe.


Jumatano, 8 Mei

Leo tumecheka mezani. Naandika ili nisije nikadhani niliota.

Baba alitaka kusema, "Mama Chiriku, niletee maji." Kwa pua ile ikatoka, "Baba Chiriku, diletee baji."

Chiriku akaninong'oneza, "Dada, mbona baba anajiita mwenyewe?"

Nikapaliwa na chai. Mama naye akainamia sahani, mabega yanatikisika. Baba akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Bdacheka didi?" Hapo hata yeye akatabasamu kidogo. Ana meno mazuri baba. Nilikuwa nimesahau.

Mwalimu wa Kiswahili alitufundisha kwamba m na n hupitia puani. Ukiziba pua, m inageuka b na n inageuka d. Nilijaribu kwa kubana pua yangu. Ni kweli kabisa.


Ijumaa, 10 Mei

Mtihani wa jiografia. Mvua imepita kwenye paa la darasa ikalowesha majibu ya mwenzangu wa mbele.


Jumamosi, 11 Mei

Baba amekosea.

Alfajiri alipitisha debe lililochacha. Likamwagwa kwenye tangi kubwa pamoja na maziwa ya wafugaji wote, na saa nne tangi zima likawa limeganda. Wamelimwaga mtaroni. Meneja amemwambia mbele ya watu, "Mzee Pua, pua yako ndiyo mshahara wako. Ikikosea tena, uende nayo nyumbani."

Alirudi amelowa. Hakumgusa mtu. Alichukua kigoda anachokalia mama akiwa anamenya viazi, akakipiga ukutani mpaka ukabaki mguu mmoja mkononi mwake. Mguu huo akautazama, akauweka mezani taratibu kama kijiko.

"Bsobi," akaniita. Msomi, ndivyo anavyoniita. "Dedda duka la dawa. Waabie wakupe kitu cha kuzibua pua."

Mwenye duka la dawa ni mama mmoja mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniuliza maswali mengi kuliko mwalimu. Nani anaumwa? Tangu lini? Ana presha? Anatumia dawa nyingine? Uso unamuuma hapa juu ya macho, anatoa makohozi ya kijani? Nikamjibu ninavyojua. Akanipa kichupa cha dawa ya kupuliza puani.

"Sikiliza vizuri, mwanangu. Hii inafungua pua dakika hiyohiyo, ndiyo maana watu wanaipenda. Lakini ni siku tatu. Zikizidi sana, tano. Akiendelea, pua inaizoea, na kila ikiisha nguvu inaziba kuliko mwanzo. Anapuliza tena, inaziba zaidi. Nimeona watu wamekaa nayo mwaka. Mwambie pia ajifukize mvuke, asafishe pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa. Hayo hayana ubaya."

"Ndiyo, mama."

"Nirudie nilivyosema."

Nikamrudia yote. Mimi nakariri vizuri.


Jumapili, 12 Mei

Sijui nianzie wapi.

Baba alipuliza mara mbili kila tundu, akarudisha kichwa nyuma, akasubiri. Kisha akavuta hewa. Nilimwona uso unafunguka. Akavuta tena, ndefu, macho yamefumbwa, akasema, "Mvua. Sabuni. Kitunguu. Viatu vya Msomi." M zote zilikuwa zimerudi mahali pake.

Halafu akasema, "Mama Chiriku, njoo."

Mama alikuwa anakunja nguo. Alijua. Nilimwona anajua, kwa sababu alilikunja lile shati mpaka mwisho, akaliweka juu ya jingine, akalainisha kola. Ndipo akaenda.

Baba akainama shingoni. Akakaa pale muda mrefu.

"Manukato gani haya?"

"Ya mteja, Baba Chiriku. Bibi harusi. Wamempuliza mbele yangu."

"Siku zote hizi nimeziba pua, wewe unapita tu."

"Ni ya mteja, haki ya Mungu."

"Rudi," akasema.

Safari hii sikufika chumbani. Nilibaki nimesimama mlangoni na Chiriku amenishika sketi. Alimshika nywele zilezile mama anazozisuka mwenyewe usiku kwa subira, akazizungusha mkononi. Akamgonga kichwa ukutani. Sauti yake si kama ya kwenye hadithi. Ni ndogo, kama mtu ameweka kitabu mezani. Mama hakupiga kelele, alisema tu "watoto, watoto," akimaanisha tuondoke. Akampiga kwa ule mguu wa kigoda mgongoni, kwenye mapaja, kwenye mkono alioinua kujikinga. Nilimwambia baba aache. Nadhani nilimwambia. Chiriku anasema sikutoa sauti yoyote.

Alipochoka alikaa, akapuliza tena puani.

Mama ana kidole kimoja kisichokunjika. Kesho ana wateja wanne.


Jumatatu, 13 Mei

Mama ameenda saluni. Kasema kidole kilibanwa na mlango. Mlango ule umewabana wasusi wengi.


Jumanne, 14 Mei

Leo nimefanya jambo.

Baba aliniita akiwa ameshika ile karatasi inayokuja ndani ya boksi la dawa. Maandishi yake ni madogo na miwani yake imevunjika tangu mwaka jana.

"Msomi, nisomee. Leo siku ya tatu. Natumia mpaka lini?"

Nikaishika karatasi. Maneno yalikuwa palepale, meusi, yamekolezwa: isitumike zaidi ya siku tatu mfululizo bila ushauri wa daktari. Nikasoma mstari wa juu yake, na wa chini yake. Ule wa katikati nikauruka, kama unavyoruka dimbwi.

"Inasema utumie kila pua inapoziba," nikamwambia.

"Haijaweka mwisho?"

"Haijaweka."

"Safi," akasema, akanipigapiga begani. "Ndiyo faida ya kusomesha."

Nimewaza sana. Yule mama wa duka alisema pua itaziba kuliko mwanzo. Acha izibe basi. Izibe isifunguke maisha. Mimi siwezi kumshika baba mkono, sina nguvu hizo. Lakini nimesoma karatasi ambayo yeye hakuisoma.


Ijumaa, 17 Mei

Mara nne kwa siku.


Jumapili, 19 Mei

Amenunua kichupa cha pili mwenyewe, duka jingine. Kimoja mfukoni, kimoja chini ya mto. "Rudi" moja jana, kofi tu.


Ijumaa, 24 Mei

Imeziba. Hata baada ya kupuliza inafunguka kidogo sana, halafu inajifunga kama dirisha lililovimba kwa mvua. Analala mdomo wazi. Jioni alimwinamia mama, akavuta, akavuta, akainuka bila neno.

Nilihisi kama jenerali kwenye kitabu cha historia. Nilimsukia Chiriku nywele, nikaimba. Mama aliniuliza, "Kulikoni leo?" nikasema nimefaulu jiografia.


Jumatatu, 27 Mei

Nifute yote niliyoandika Ijumaa. Hapana, yabaki. Nayastahili.

Chiriku alikuwa anawachezea wanasesere wake igizo. Alibana pua kwa vidole viwili, akamwambia mdoli mkubwa, "Baba Chiriku, diletee baji! Harakaa!"

Baba alikuwa nyuma yake.

Hajawahi kumpiga Chiriku. Siku zote nilijiambia hivyo: kwa mtoto ana huruma. Alimwinua kwa mkono mmoja, miguu ikawa hewani, akamtupa. Alimtupa kama mtu anavyotupa debe tupu. Chiriku aligonga ukingo wa kitanda. Jino la mbele lililokuwa linalegea lilitoka, na la pembeni ambalo halikuwa linalegea likatoka nalo.

Mama alimrukia. Sijawahi kumwona mama akimrukia. Baba akambamiza mara moja, mbili, kisha akanigeukia mimi kwa sababu nilikuwa karibu, akanipiga mkanda mkononi mpaka ngozi ikafanya mistari kama ya daftari.

Hakunusa mtu. Hakusema pita, hakusema rudi. Macho yake ni mekundu, halali, anapumua kama aliyekimbia. Nimekaa na jambo hili jioni nzima. Nilidhani kinachotupiga ni pua. Pua ilikuwa kisingizio tu, kama ule mlango wa mama. Na sasa, kwa kazi yangu mimi, hata lile neno la kutupitisha halipo tena.

Chiriku ameniuliza kama meno yote mawili yataota tena. Nikamwambia ndiyo. Nimekuwa hodari wa kusoma nusu.


Alhamisi, 30 Mei

Nimeenda kwa mama wa duka la dawa. Nikamwambia, "Aliendelea kutumia."

"Siku ngapi?"

Nikamwambia. Akavua miwani.

"Aache. Wengine huanza na tundu moja, likizoea wanaacha la pili. Wiki ya kwanza atateseka, ajue hivyo. Maji ya chumvi, na aende kwa daktari ampe dawa nyingine. Pua itarudi." Kisha akaushika mkono wangu, akapandisha mkono wa sweta. "Na haya nayo ni mafua?"

Nikaushusha mkono wa sweta.

"Sikulazimishi. Lakini duka langu lina mlango wa mbele na wa nyuma. Ukija na mama yako, saa yoyote niliyo hapa, sitauliza kitu. Umenisikia? Nirudie."

Nikamrudia. Nikaenda nyumbani, na ujumbe wa pua sikumpa baba. Niliogopa aniulize kwa nini sikusoma hivyo mwanzo.


Jumanne, 4 Juni

Wamemwondoa kwenye madebe. Wamemweka kuosha mifuniko. Mahali pake amewekwa msichana mwenye kipimo cha umeme, na baba anasema msichana huyo hata hainami.

Mvua haijakatika tangu Jumapili. Nguo zote zinanuka uvundo, na mmoja wetu tu ndiye asiyejua.


Jumapili, 9 Juni

Naandika nikiwa kwa mama mkubwa, dada yake mama. Mama ameshonwa nyuzi saba juu ya jicho na amelala. Chiriku amelala miguuni pake. Kituo cha polisi tulienda jana hiyohiyo, tukitokea kwa mama wa duka la dawa. Askari wa kike alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika, nikasoma kila mstari kabla ya kusaini. Mama wa duka alikaa nasi muda wote, na duka alilifunga.

Sasa niandike nilichofanya.

Ilikuwa jana mchana. Mvua ilikuwa nzito, umeme umekatika, ndani giza kama jioni. Mama alikuwa amemaliza kupika. Yeye huzima jiko tu, mtungi wa gesi huuacha wazi. Tumemwambia mara nyingi. Akamwekea baba chakula, akasema kwa upole, "Baba Chiriku, Jumatatu twende hospitali wakuangalie hiyo pua. Nitaomba ruhusa saluni."

"Pua yagu ibekukosea didi?" akauliza baba.

"Haijanikosea. Nakuonea huruma tu."

Nadhani ni neno huruma. Alipindua meza. Alimshika mama shingo, akamsukuma mpaka jikoni, akampigiza kwenye jiko. Jiko likaanguka naye. Mama alipoinuka nusu ya uso ilikuwa damu. Baba akainua sufuria. Nilimtupia kitabu cha historia, kile kizito, kikampata sikioni. Akageuka kunitafuta gizani, na wakati huo mama akatoka akitambaa. Nikamkamata Chiriku, tukakimbilia uani, chini ya upenu wa choo.

Mama akasema, "Simu. Simu yangu iko kwenye kabati."

Nikarudi kuichukua. Nilipoitoa kabatini ndipo niliposikia harufu. Mpira wa gesi ulikuwa umechomoka jiko lilipoanguka. Mvua juu ya bati ilikuwa na kelele kiasi kwamba kufoka kwake hukusikii. Harufu ilikuwa nzito ya kukata pumzi.

Baba alikuwa ameketi katikati ya harufu hiyo. Sigara mdomoni. Alikuwa anapapasa sakafuni, akapata kiberiti, akakitikisa sikioni asikie kama kina njiti.

Kilikuwa nazo.

Niliwaza. Sitadanganya hapa. Niliwaza kwamba sihitaji kufanya chochote. Safari ile niliruka mstari mmoja. Safari hii ningeruka neno moja. Nilikuwa na simu ya mama mkononi tayari. Mlango ulikuwa nyuma yangu.

"Baba, usiwashe," nikasema. "Gesi."

"Hakuda gesi."

"Ipo. Imejaa."

"Bwogo wewe," akasema, akatoa njiti.

Na kweli mimi ni mwongo, kwa hiyo nisingeweza kumlaumu. Nikamrukia. Nikampokonya kiberiti, njiti zikamwagika kwenye maji ya kuoshea sahani. Akanipiga ngumi hapa kwenye shavu, nikaanguka karibu na mtungi. Nikaishika koki yake, nikaizungusha mpaka ikagoma. Nikafungua dirisha, nikafungua mlango wote.

Baba alikuwa ananitazama. Kisha akapiga magoti mbele ya ule mpira. Akaunyanyua ulivyochomoka, akaunusa kama debe. Akavuta hewa. Akatoa kichupa mfukoni, akapuliza, akapuliza, akavuta tena. Hakuna kitu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona kitu nyuma yako.

Nikamwambia, "Karatasi ilisema siku tatu. Niliusoma mstari, nikauruka. Mwenye duka naye aliniambia. Ukiacha hiyo dawa, pua itarudi. Weka maji ya chumvi. Uende kwa daktari."

Nilisema yote kwa mpangilio, kama nilivyokariri. Sauti ilitoka.

Nikachukua begi langu la shule na viatu vya Chiriku, nikatoka mvuani. Nikamshika mama kiuno. Tulikuwa katikati ya uwanja alipokuja kusimama mlangoni.

Aliita majina yetu, na yote yaliharibika mdomoni mwake. Kisha akasema lile neno. Halina m wala n, kwa hiyo pua haikuligusa, likatoka safi kabisa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu alilisema kwa maana ile ya kwanza ya kamusi.

"Rudi!"

Mama alisimama. Nikahisi mwili wake unataka kugeuka, si kwa kupenda, kwa kuzoea.

Nikafungua geti. Nikalishikilia lisifungwe na upepo.

"Pita, mama," nikasema.

Akapita.

"Pita, Chiriku."

Akapita, viatu mkononi.

Nikapita mimi, nikalifunga kwa nje.